Seti ya michezo ya shule inayouzwa Mombasa: kipi kinafaa pesa, kipi kiachwe dukani

Muhula wa kwanza ukifunguliwa, wauzaji wa vifaa vya michezo hupita shule za msingi za Mombasa na karatasi ya bei iliyoandikwa "seti ya shule". Maduka ni tofauti, yaliyomo hufanana: mipira miwili ya soka saizi 5, mmoja wa pete, mmoja wa wavu, jozi ya nyavu za magoli, vizibao 12 au 14 vya mazoezi, koni 10, filimbi na pampu. Mara nyingine hutiwa na kikombe kinachong'aa, kama nyongeza ya bure. Hapa tunaipima seti hiyo kipande kwa kipande, pamoja na huduma zinazouzwa kando yake: fundi wa magoli, bwawa la kuogelea na gari la mashindano. Kauli yetu tunaitanguliza: seti hii imepangwa kwa ajili ya timu, na pesa za elimu ya viungo ni za darasa zima. Shule ikiinunua ilivyo, watoto 14 watacheza na mia kadhaa watatazama.

Hesabu yake haitaki kalamu. Kipindi cha gredi ya nne hadi ya sita ni dakika 35. Toa muda wa kushuka uwanjani, kupanga makundi na kurudi darasani, zinabaki kama dakika 25, yaani sekunde 1,500. Darasa la watoto 50 likipewa mpira mmoja, kila mtoto ana sekunde 30 tu, tena hapo ni kama mpira utagawanywa kwa haki. Haki hiyo uwanjani haipo. Wanane wenye mbio wataukimbiza na wengine watapiga soga chini ya mwarobaini. Darasa hilo hilo likipewa mipira 10, kila mtoto anapata dakika 5 za mpira mguuni, na hakuna anayesubiri foleni ndefu. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Kipindi kimoja hakiwezi kuzijaza, lakini ni aibu kipoteze hata zile 25 kilizo nazo.

Pesa zenyewe ni chache, kwa hivyo kila kosa la ununuzi linaonekana. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, kila mtoto alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka: 650 zikaenda kwenye akaunti ya SIMBA kwa vitabu na vifaa vya kusomea, 370 kwenye akaunti ya matumizi ya jumla. Ndani ya 370 hizo, fungu la shughuli za michezo na tamasha lilikuwa shilingi 43. Baadaye mgao mzima ulipandishwa hadi 1,420. Mhasibu wa shule aweke kima cha waraka wa mwaka wake, lakini hata kwa kielelezo cha 43, shule ya watoto 600 inapata 25,800 kwa mwaka, na fungu hilo hilo linavutwa na muziki, drama na nauli za mashindano. Pesa hazifiki kwa mkupuo. Nusu huja muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili na 20 wa tatu, na mara nyingi huchelewa. Anayepanga kununua kila kitu Januari huishia kukopa dukani, na anayekopa hapewi nafasi ya kuchagua.

Tuanze na mpira, kwani ndio unaokula sehemu kubwa ya fungu na ndio unaokufa kwanza.

Saizi 5 ni mpira wa watu wazima, wenye mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Mtoto wa miaka minane akiupiga kwa mguu mtupu huumia kidole, na akiumia mara mbili hurudi pembeni asionekane tena. Gredi ya kwanza hadi ya tatu inataka saizi 3, mzingo sentimita 58 hadi 60. Gredi ya nne hadi ya sita inataka saizi 4, sentimita 63.5 hadi 66, gramu 350 hadi 390. Saizi 5 iwe miwili tu, ya timu ya wakubwa. Muhuri wa namba ulio kwenye ngozi usiaminiwe peke yake: mpira ujazwe upepo dukani, uzungushwe uzi katikati, kisha uzi ulazwe juu ya rula. Uzungushwe tena upande mwingine. Vipimo viwili vikipishana kwa zaidi ya sentimita moja na nusu, mpira huo ni yai, utayumba ukibiringishwa.

Baada ya saizi, ngozi. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na katika viwanja vingi vya shule udongo ni mwembamba, meno ya mawe yametokeza. Juu ya ardhi hiyo mpira wa kushonwa wenye ngozi ya PVC, yaani plastiki, huchubuka rangi upesi, kisha uzi ulio juu ya mshono husagika na kukatika, mshono unafunguka, kibofu cha ndani kinachomoza kama shavu lililovimba, na jiwe la kwanza litakalokigusa litakimaliza. PVC pia hukakamaa kwa jua na kupasuka mikunjoni. Ngozi ya PU (plastiki ya aina nyingine) ni laini zaidi na inavumilia, lakini bei yake iko juu na inafaa penye majani. Kwa uwanja wa mawe na changarawe, chaguo letu ni mpira wa raba uliomiminwa mzima kwenye kalibu, usio na mshono. Una dosari mbili za kweli: unadunda kupita kiasi, na wachezaji wa timu hawaupendi kwa sababu mguso wake ni mgumu. Ya kwanza inapunguzwa kwa upepo. Kanuni za soka zinaruhusu kuanzia 0.6 hadi 1.1 ya kizio cha angahewa, basi kwa vipindi vya darasa mpira ujazwe karibu na kile kima cha chini, kiasi cha kidole gumba kubonyea kidogo kikikandamiza kwa nguvu. Ya pili inabidi kuvumiliwa.

Mipira mingi ya shule haifi kwa kupigwa, inauawa na pampu. Sindano kavu ikisukumwa kwenye vali huivuta raba ya ndani na kuichana, na tangu siku hiyo mpira unalala umejaa na kuamka umelegea. Sindano ilowekwe maji au ipakwe tone la gliserini, iingizwe wima, isizungushwe kama bisibisi. Seti huja na sindano moja ambayo haitamaliza muhula. Ziongezwe tano, ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote humo. Muuaji wa pili ni jua la kaskazi. Mpira uliojazwa hadi mwisho asubuhi na kuachwa uwanjani saa saba mchana huongezeka shinikizo, na kama ni wa kushonwa, mshono ndio unaolipa.

Kipo kipimo kimoja cha dukani ambacho muuzaji mwaminifu hatakikataa. Mpira uliojazwa uzamishwe kwenye ndoo ya maji, vali ikiwa chini, kwa dakika moja. Vipovu vya kwanza ni hewa iliyonasa kwenye mishono, havina neno. Vipovu vinavyofuatana mstari mmoja kutoka kwenye vali ni mpira wa kurudishwa. Ikiwezekana uachwe usiku mmoja na upimwe tena kwa uzi ule ule.

Mpira wa kushonwa uliofunguka mshono usitupwe. Fundi viatu wa barabarani anao uzi wa nailoni uliopakwa nta na sindano mbili za kupishana. Anashona paneli moja kwa muda mfupi, na tundu dogo la kibofu linazibwa kwa kiraka cha tyubu ya baiskeli. Asichoweza kutengeneza ni vali iliyochanika, labda abadilishe kibofu kizima. Fungu la ukarabati lisipungue sehemu moja ya kumi ya pesa za vifaa. Tumeona bajeti nyingi za shule, na mstari huu ndio unaosahaulika kuliko yote.

Hapo ndipo mapitio ya pesa yanapoanzia, kwenye mpira wenyewe, kabla ya fomu yoyote ya ofisini. Kila mpira uandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika: namba yake, muhula na mwaka, mfano 4/1-26. Kwenye daftari la stoo uwe na mstari wake: bei, duka, tarehe ya kuingia, tarehe ya kufa, sababu ya kufa. Sababu ziwe chache na za wazi: vali, mshono, ngozi, umepotea, umeibwa, umeingia kwa jirani. Muhula ukiisha, bei inagawanywa kwa idadi ya vipindi. Tuseme shule ina vipindi 10 vya uwanjani kwa wiki. Mpira wa shilingi 700 uliodumu wiki 6 umehudumia vipindi 60, karibu shilingi 12 kila kimoja. Wa shilingi 1,800 uliodumu wiki 30 umehudumia vipindi 300, shilingi 6 kila kimoja. Bodi ya usimamizi ikiwekewa namba hizo mbili mezani, mjadala wa "mbona mmenunua wa ghali" unakwisha hapo hapo. Na zile sababu za kufa zinasema zaidi ya bei. Mipira mitano ikifa kwa vali, tatizo liko kwenye pampu na mikono, haina haja ya kubadilisha duka.

Nyavu na magoli. Nyavu za kwenye seti ni za uzi mwembamba wa plastiki unaooza kwa jua. Mombasa ina mafundi wanaoshona nyavu maisha yao yote, nao ni wavuvi. Nyavu ya goli iliyofumwa kwa uzi wa kusokotwa, jicho la sentimita 10 hadi 12, inakaa kuliko ya dukani na ikitoboka inafumwa tena pale pale. Isiwe ya uzi mmoja unaong'aa, hiyo inakata vidole vya watoto.

Magoli ya chuma yanahitaji jicho kali zaidi. Fundi wa kuchomelea atapendekeza paipu nyeusi kwa sababu ni rahisi. Hewa ya chumvi itaila, tena kutokea ndani, mahali ambapo hakuna anayepaona: mvua inaingia kwenye ncha iliyoachwa wazi, inatuama, na siku moja mtoto ananing'inia kwenye mtambaapanya na paipu inakatika kama muwa. Itakiwe paipu ya galvanaizi (iliyopakwa zinki) ya inchi 2, ncha zote zizibwe kwa vifuniko vilivyochomelewa, na kila kiungo kisuguliwe kwa burashi ya chuma na kupakwa rangi ya zinki kabla ya rangi ya mafuta. Sababu ni kwamba moto wa kuchomelea huunguza zinki pale kwenye kiungo, na kutu huanzia hapo hapo hata kama paipu nzima ni ya galvanaizi. Mafundi wengi huruka hatua hii kwa vile rangi ya juu inaficha. Mwalimu wa michezo aende kwa fundi siku ya viungo, kabla ya rangi, aone mwenyewe.

Goli la kuhamishwa lisikubaliwe bila uzito wa nyuma. Magunia manne ya mchanga yafungwe kwenye paipu ya chini ya nyuma, mawili kila upande, kila siku goli linapotumika. Goli linalopinduka mbele humwangukia mtoto kichwani, na hilo likitokea hakuna vocha itakayolieleza. Shule isiyo na pesa za chuma itumie nguzo za mvinje, zinazopatikana kote Pwani: zimenywe gome, sehemu ya kuzikwa ipakwe lami au oili chafu dhidi ya mchwa, na ziingie ardhini sentimita 60.

Mlingoti wa mpira wa pete una kipimo cha mita 3.05, duara la sentimita 38 ndani, la chuma cha milimita 15. Kwa gredi ya nne huko ni juu mno. Mtoto hutupa kwa kiuno na mgongo, hazoei kutumia mikono, na hafungi. Fundi atengeneze mlingoti wa paipu mbili, moja ndani ya nyingine, wenye matundu mawili na pini, ili duara liweze kuteremshwa hadi mita 2.7 asubuhi na kupandishwa jioni kwa timu. Tofauti ya gharama ni kipande cha paipu na kazi ya kutoboa.

Koni 10 za seti tunashauri zisilipiwe kabisa. Zile za plastiki nyembamba zikikanyagwa zinapasuka. Chupa 30 za nusu lita zilizojazwa mchanga robo, vifuniko vimefungwa barabara na kupakwa rangi, zinafanya kazi ile ile na hazipeperuki kwa upepo wa kusi. Mistari ya uwanja isichorwe kwa chokaa ya unga kavu. Hata ile iliyozimwa huunguza macho, na watoto huanguka juu yake. Rangi ya maji iliyozimuliwa inatosha.

Kamba za kuruka hazimo kwenye seti nyingi, na hilo ndilo pengo lake kubwa, kwa kuwa hakuna kifaa kinachomtoa jasho mtoto kwa pesa kidogo kuliko kamba. Inunuliwe manila ya milimita 8 kwa roli, isinunuliwe kamba moja moja yenye vishikio, kwani vishikio huvunjika kwanza. Kipimo cha mtoto ni rahisi: akanyage katikati, ncha zifike kwapani. Kwa wengi wa gredi ya tatu hadi ya sita hiyo ni kama mita 2.2. Darasa la watoto 50 linataka mita 110, na kamba nne za mita 5 za kuruka kwa makundi zinataka 20 nyingine, jumla mita 130. Ncha ziyeyushwe kwa moto na kupigwa fundo. Kamba za mkonge zinafaa kwa zile ndefu tu; fupi huchuna viganja.

Vizibao vya seti ni 12 au 14 vya rangi moja. Darasa linahitaji rangi nne, 12 kila rangi. Kitambaa kinapatikana Barabara ya Biashara na fundi cherehani yeyote atavishona, bora aambiwe aache mbavu wazi zenye kamba za kufunga badala ya kushona pande zote. Hapo kizibao kinapita juu ya sare na juu ya hijabu bila msichana kulazimika kuvua chochote. Kwa wasichana wengi wa hapa, swali la nguo ndilo linaloamua kama watacheza au watakaa, basi suruali ndefu nyepesi za mazoezi kwa wasio nazo ni matumizi halali kabisa ya pesa za elimu ya viungo. Kitambaa kiwe cha poliesta, kwani pamba ikikunjwa mbichi kwenye stoo ya Mombasa hupata ukungu.

Godoro la kurukia juu lisinunuliwe. Linakula fungu la mwaka mzima, linataka chumba chake, na sponji likishanywa maji ya masika halikauki. Pesa hizo zichimbe shimo la mchanga la kurukia mbali: upana mita 3, urefu 6, kina sentimita 30, jumla mita za ujazo 5.4. Lori la tani 7 halitoshi, hivyo wakati wa kuuliza bei ziulizwe mita za ujazo, lisiulizwe "lori moja". Mchanga wa mto, usio na kokoto. Utifuliwe kwa jembe kabla ya kila kipindi na kukaguliwa vigae vya chupa, na usiku ufunikwe turubai, la sivyo paka wa mtaa wataufanya choo. Futi ya kupimia iwe ya faibaglasi ya mita 50, kwani ya chuma inashika kutu. Saa za kupimia mbio mbili zinatosha.

Maji ya kunywa hayamo kwenye seti yoyote, lakini bila maji hakuna kipindi cha saa tano mchana wa Februari. Shule ambazo mfereji hautoi zinanunua mitungi ya lita 20 ya mkokoteni. Glasi moja ya mililita 200 kwa watoto 50 ni lita 10, nusu mtungi kwa kila kipindi. Iandikwe kwenye bajeti kama mstari wa elimu ya viungo, isiibiwe kwenye maji ya vyoo. Na kwa vile Ramadhani ya 2026 na ya 2027 inaangukia Februari na Machi, kilele cha joto, vipindi vya wiki hizo viwekwe asubuhi na viwe vya shabaha, mizani na viungo, vitu vinavyotaka kamba, chupa na mipira midogo badala ya mbio.

Huduma ya bwawa la kuogelea. Mahoteli na shule binafsi za upande wa Nyali na Bamburi zina mabwawa, na baadhi hukodisha kwa saa. Mtoto anayeishi baina ya bahari na kivuko anastahili kujua kuogelea, kwa hivyo hatusemi pesa hizi ni anasa. Tunasema mkataba usomwe. Bei ya "kila mtoto" mara nyingi haijumuishi mwokoaji, na wakati mwingine hata mkufunzi. Kabla ya kutia sahihi yaulizwe manne: kina cha sehemu ya wanaoanza, ambacho kisipite kifua cha mtoto mfupi zaidi, nani anakaa ukingoni bila kazi nyingine, watoto wangapi majini kwa mkufunzi mmoja, na zaidi ya 10 wanaoanza ni wengi, na saa inahesabiwa tangu langoni au tangu majini. Hilo la mwisho ndilo linalokula pesa kimyakimya, kwani kuvua, kuoga na kuvaa kwa watoto 40 kunamaliza dakika 20 za saa iliyolipiwa. Ni afadhali vipindi 8 mfululizo kwa gredi moja kuliko safari moja moja kwa shule nzima, ambayo humwachia mtoto picha tu. Ufuoni ni bure, lakini wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na darasa lililoanza kiunoni linaweza kumaliza shingoni.

Gari la mashindano ndilo linalomeza fungu zima bila mtu kushtuka. Shule ya Likoni inayokuja kisiwani italipia basi, basi litalipia kivuko, na foleni ya feri italipiwa kama muda wa kusubiri. Watembea kwa miguu huvuka bure, hivyo timu ivuke kwa miguu pamoja na walimu wawili na kupanda gari la upande wa pili. Tunashauri bodi iweke kikomo mapema: usafiri wa timu usipite theluthi moja ya pesa za michezo. Ukipita, kuna gredi nzima inayowalipia wachezaji 14.

Uingereza inalo jambo moja katika eneo hili linalofaa kuigwa, mbali na ukubwa wa pesa zake. Tangu 2013 shule zake za msingi zimepewa fedha maalumu za elimu ya viungo, na 2017 kima kiliongezwa mara mbili: pauni 16,000 kwa shule yenye wanafunzi 17 au zaidi wanaohesabiwa, pamoja na pauni 10 kwa kila mtoto. Shule ikatakiwa itangaze hadharani, kabla ya tarehe 31 Julai, imezitumiaje na zimeleta nini, ikiwemo asilimia ya watoto wa mwaka wa sita wanaoweza kuogelea mita 25. Jengo kubwa haliruhusiwi kutolewa humo, wala mshahara wa kipindi ambacho shule ingepaswa kukifundisha hata hivyo. Huko mzazi anaisoma hesabu. Hapa kwetu, karatasi moja kwenye ubao wa matangazo langoni ingetosha.

Karatasi hiyo iwe na safu tano: tulichonunua, gredi gani inakitumia, watoto wangapi kwa kifaa kimoja, kimedumu vipindi vingapi, na tutakifanyaje muhula ujao. Safu ya tatu ndiyo ya kusomwa kwanza. Ikiwa mpira mmoja unahudumia watoto 25, muhula ujao pesa za mwanzo ziende kwenye mipira, hata kama timu haina jezi. Kwa kuwa tangu 2024 elimu ya viungo imeunganishwa na sanaa na muziki katika somo moja, karatasi hii pia inailinda isimezwe na rangi na ngoma.

Ununuzi wenyewe ufuate sheria ya ununuzi wa umma ya 2015: bei za wauzaji watatu kwa maandishi. Bei hizo hazina maana kama kila mmoja ameandikiwa "mpira, 10". Iandikwe "mpira wa soka, saizi 4, mzingo sentimita 63.5 hadi 66, raba ya kumiminwa bila mshono, ujaribiwe majini wakati wa kupokea". Mzigo ukifika, mwalimu wa michezo awepo na ndoo na uzi kabla ya hati ya kupokelea kutiwa sahihi. Muuzaji akisema ana haraka, abaki nao mpaka kesho.

Ile nusu ya pesa inayofika muhula wa kwanza iende kwenye mipira na kamba. Asilimia 30 za muhula wa pili, wakati masika imelowesha viwanja, ziende kwa fundi cherehani na fundi wa chuma, kazi zinazofanyika chini ya paa. Asilimia 20 za mwisho zisinunue kitu kipya. Zilipie fundi viatu, sindano na rangi ya zinki, kabla shule haijafungwa kwa likizo ndefu ya Novemba na Desemba. Siku ya kufunga, mipira ipunguzwe upepo hadi nusu bila kutolewa wote, isirundikwe sakafuni inakopanda unyevu bali iwekwe kwenye wavu unaoning'inia, kamba zitundikwe bila mafundo, na daftari la stoo lisainiwe na watu wawili.